Sauti Ikishatolewa

4 Septemba, Alhamisi

Mwalimu wetu wa historia ya muziki, mama mmoja Mmarekani mwenye nywele nyeupe, leo amegawa majina. Kila mwanafunzi anachukua mtunzi mmoja wa zamani wa Ulaya, anaishi naye mpaka Desemba, kisha anaandika maisha yake na kazi yake. Nilichelewa kutoka kazini, kwenye makao ya wazee ninakohudumia, na treni nayo ikajivuta, kwa hiyo nilipoingia darasani majina matamu yalikuwa yamekwisha. Nimebakiziwa Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda wa kanisa, wa miaka ya elfu moja mia sita na kitu. Sijawahi kumsikia. Ila nahitaji kufaulu somo hili ndipo nikasome unesi, basi mimi na Mzee Bux tutavumiliana.

Mwalimu ametaka tuandike kidogo kidogo muhula mzima, tusije tukababaika mwishoni. Nitaandika kwa Kiswahili. Ya kumpa yeye nitayatafsiri, mengine ni yangu.

Joto limekataa kuondoka. Hata vyuma vya ngazi za ghorofa letu hapa Vickery Meadow, Dallas, vinaunguza mkono.

6 Septemba, Jumamosi

Mazoezi ya kwaya. Nataka kuandika jinsi Papa anavyotoa sauti, kwa sababu leo nimeona jambo ambalo sikulipenda.

Papa, yaani baba yangu, Mwalimu Vital kwa watu wote, huanza wimbo bila kinanda. Anasimama mbele, anafumba macho, anawapa sauti ya nne noti yao, wale wababa wa chini. Kisha sauti ya tatu, kisha sisi wa sauti ya pili, mwisho kina mama wa sauti ya kwanza. Kila kundi linaishika noti yake kwa kuguna mdomo ukiwa umefungwa. Halafu kimya. Katika kimya kile hakuna anayeruhusiwa kusema neno mpaka wimbo uimbwe uishe. Ni sheria yake tangu Uvira, Kongo, akaja nayo kambini Nyarugusu, Tanzania, akaileta Texas. Sauti ikishatolewa, mdomo ni wa wimbo tu.

Leo Pasta Fidèle aliingia na tangazo la gari la kanisa wakati sauti imeshatolewa. Papa alimwinulia kiganja tu. Pasta mzima akasimama mlangoni na funguo zake, beti zote nne, kama mtoto aliyechelewa shule. Nilikaribia kucheka.

Lakini sauti yenyewe Papa aliitoa juu mno. Ubeti wa tatu wa wimbo wake wa mto Ruzizi unapanda sana, na Mama Ndeshi, yule nesi Mtanzania anayetoka Euless kuja kuimba nasi, alikatika katikati. Baadaye aliniambia kwenye maegesho, "Mwanangu, mzee anatuua. Ile noti siifikii, na mimi bado sijazeeka."

Na mkono wa kulia wa Papa ulikuwa unatetemeka. Aliuficha mfukoni.

9 Septemba, Jumanne

Kazi, treni, kulala.

20 Septemba, Jumamosi

Papa ametuletea mtu. Anaitwa Élysée, anaishi Stafford, kule chini Houston, na anafanya kazi kwenye ghala. Papa alimsikia akipiga kinanda kwenye arusi mwezi wa saba na tangu hapo hana wimbo mwingine. Kila Ijumaa kijana atapanda basi kutoka Houston, atalala kwa Pasta Fidèle, Jumapili jioni arudi.

Anapiga vizuri. Niliketi nikitafuta kosa na sikulipata, jambo lililoniudhi. Baada ya mazoezi alikunja nyaya zote mwenyewe, akauliza viti vinapangwa wapi. Wapiga kinanda tuliokuwa nao huko nyuma hawakuwahi kugusa kiti.

Papa alimtazama alivyokuwa akipanga viti, kisha akanitazama mimi. Sikupenda mtazamo ule.

2 Oktoba, Alhamisi

Mzee Bux kumbe ana vituko. Mji alikoishi utotoni ulikuwa wa Denmark, vita vikapita, kesho yake ukawa wa Sweden. Wataalamu mpaka leo wanabishana alizaliwa wapi. Nilimwambia mwalimu kwamba nusu ya kanisa letu wana shida hiyohiyo kwenye karatasi zao.

Lakini hili ndilo lililonifanya nipige meza. Alipopata kazi ya kinanda katika kanisa kubwa la Lübeck, Ujerumani, mpiga kinanda wa kabla yake alikuwa amekufa na ameacha binti. Haikupita miezi mingi, Bux akamwoa yule binti. Kazi na mke, mlango mmoja.

Hiyo ni historia ya nyumbani kwetu. Mwalimu wa kwaya ya Uvira alikuwa babu, baba yake Mama. Papa alishuka kutoka milima ya Fizi akiwa kijana mwenye sauti na viatu vya kuazima, na katika mwezi mmoja babu alimpa kwaya na akampa Mama.

Niliwasimulia mezani. Papa aliacha kula. "Unaona?" akasema. "Hata ba-Allemand kule Ujerumani walijua. Kwaya haitoki nyumbani."

Mama aliendelea kutoa miba kwenye samaki wa Papa.

11 Oktoba, Jumamosi

Mazoezi. Sauti juu mno tena. Élysée aliijaribu kimyakimya kwenye kinanda, akaniangalia, akaona kwamba nami nimesikia.

12 Oktoba, Jumapili

Nimekaa bafuni kwa sababu ndio mlango pekee wa nyumba hii unaofunga.

Baada ya ibada Papa aliniita sebuleni. Alikuwa bado na koti. Mama alikuwa jikoni, maji yanatiririka kwenye sinki.

"Sandrine, kijana ameomba."

"Ameomba nini, Papa?"

"Ameomba weye. Amekuja na heshima yake yote. Nimemwambia iko bien, nimekubali."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwuliza kama amesahau kwamba mimi nina mdomo. Alisema hajasahau, ndiyo maana ananiambia mimi kabla ya watu. Watu watajua mwezi wa kumi na mbili, kwenye mkutano wa kwaya kule Stafford. Siku hiyo atamkabidhi Élysée kwaya mbele ya wote na kututangaza sisi wawili.

"Na kama sitaki?"

"Unamtaka nani? Niambie jina, nimwite leo."

Sikuwa na jina. Nina miaka thelathini na moja, nafanya zamu mbili, nasoma jioni, na mwanamume wa mwisho aliyenipigia simu alikuwa anauza bima. Papa anajua. Aliniacha niusikie ule ukosefu wa jina, na hapo ndipo nilimchukia.

"Mimi si kinanda," nilimwambia. "Mimi si kabati la nyimbo."

"Hakuna mutu amesema weye ni kabati."

"Basi mpe kwaya. Mimi uniache."

Aliinua mkono wa kulia kunikatiza, mkono ukatetemeka hewani, sote wawili tukautazama. Aliurudisha mfukoni na kusema mazungumzo yamekwisha.

Ninachoshindwa kumwambia mtu ni hiki. Majuma yale manne niliyomwona Élysée, nilikuwa nimeanza kuvaa kitenge changu kizuri kwenye mazoezi. Kama angekuja yeye mwenyewe, akanunua hata chai ya kikombe cha karatasi, labda ningecheka naye. Sasa amepitia kwa Papa kama mtu anayejaza fomu ya kazi. Nina hasira nao wote, na maji yamepoa, na Mama anagonga anataka kuoga.

23 Oktoba, Alhamisi

Mvua kubwa, treni zimesimama, nimefika darasani nimelowa.

Mzee Bux amezeeka. Sifa zake zimeenea, jioni za Jumapili kabla ya Krismasi watu wanajaa kanisani kusikiliza muziki wake. Anatafuta mrithi. Mwaka mmoja wakaja vijana wawili wenye vipaji, mmoja wao Handel ambaye hata mimi ninamfahamu. Wakapiga kinanda, wakala, wakanywa. Kisha wakaambiwa kwamba atakayechukua kazi atamchukua na binti. Wakasifu kinanda na kurudi zao. Baadaye akaja Bach, kijana bado, alitembea kwa miguu mwendo wa siku nyingi. Aliomba likizo ya majuma machache, akakaa miezi. Naye aliondoka bila binti.

Darasa lilicheka. Mvulana mmoja aliuliza binti alikuwa mbaya kiasi gani. Nilihisi uso wangu unawaka.

Nilinyosha mkono nikauliza, "Yeye mwenyewe alisema nini?"

Mwalimu alifikiri. Alisema wanaume wameandikwa, nani alikuja, nani alikataa. Yeye, hakuna neno lake analolijua. Jina tu, Anna Margareta.

Nimeliandika hapa, lionekane na mtu mwingine.

1 Novemba, Jumamosi

Élysée aliniletea mfuko wa ndizi za kupika kutoka soko la Houston. Nilimwambia ampe Papa, si yeye ndiye anayeposwa.

Alikaa ameshika ndizi.

6 Novemba, Alhamisi

Nimemwambia Papa kwa mara ya pili kwamba sikubali. Amesema kwamba ninasema hivyo kwa sababu nimechoka na kazi.

Mama Ndeshi amejua, sijui nani amemwambia. Lisemwalo lipo. Ameniuliza rangi ya sare ya arusi.

15 Novemba, Jumamosi

Leo baridi ya kwanza imeingia. Asubuhi nilitoka na shati, mchana upepo umegeuka, watu wanakimbilia magari wakijishika masikio.

Nilimngojea Élysée nje ya kanisa. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi, na maneno yote yalinitoka kwa mkupuo. Nilimwambia hana adabu. Nilimwambia mwanamume anayeomba mke kwa baba yake kabla ya kumsalimia vizuri anatafuta kinanda, hatafuti mke. Nilimwambia hata Bach alikuwa na aibu ya kukimbia.

Alinitazama kama mtu aliyepewa mzigo wa jirani.

"Pole, dada, ma sœur, mi sikuomba," alisema.

"Hukuomba?"

"Papa aliniita mwezi wa saba, pale mu arusi. Akasema, Sandrine amekuona, amekupenda, anangoja tu weye useme. Mi nikasema, donc, kama yeye amekubali, mi naweza kataa je? Njo maana nimekuwa nakuja. Nilikuwa najiuliza juu ya nini mutu aliyenipenda ananiangalia na macho ile."

Nilikaa kwenye ukingo wa maegesho. Mwezi wa saba mimi hata jina lake sikulijua. Papa alimwambia yeye kwamba mimi nimetaka, akaniambia mimi kwamba yeye ameomba. Alitoa sauti kwa kila kundi peke yake, akangoja tuimbe.

Élysée naye alikaa, mbali kidogo. Upepo ulikuwa unatukata.

"Sasa je?" nilimwuliza. "Wewe unataka nini?"

"Nataka kwaya," alisema upesi. Kisha akaona haya. "Na weye... mi sijui. Sikupata nafasi ya kujua. Nilipewa jibu mbele ya swali."

Hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililolipata msimu huu, na lilinipunguzia hasira kuliko nilivyotaka. Nilimwomba amwambie Papa. Alisema atamwambia Jumapili.

16 Novemba, Jumapili

Hakumwambia. Aliniandikia ujumbe akiwa kwenye basi. "Nili-try. Alikuwa anakula. Samahani."

22 Novemba, Jumamosi

Hakumwambia tena. Anaogopa kukosa kwaya. Namwelewa na ninamdharau kidogo, yote mawili kwa pamoja. Sauti ya Papa leo ilikuwa juu kiasi kwamba hata wababa wa chini walikunja nyuso. Hakuna aliyesema. Kwa Papa mwanakwaya huchukua noti anayopewa.

Majuma matatu.

27 Novemba, Alhamisi

Leo ni sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, kazi zimefungwa. Kuku mmoja, sombe ya majani ya muhogo, fufu, sisi watatu. Baada ya kula Papa alisinzia na nikamkuta Mama jikoni akifunga mabaki.

Nilimwuliza anavyoona. Mama yangu, Véronique, si mtu wa maneno. Alifunga bakuli moja, akafunga la pili.

"Baba yako anaogopa," alisema.

"Anaogopa nini?"

"Asubuhi hawezi kufunga vifungo. Mi njo ninafunga. Anasema, nikienda, Véro atazeeka peke yake, na Sandrine atarudi kazini usiku mu nyumba hakuna mutu. Kwangu hazungumzi nyimbo. Nyimbo anazungumza mbele yenu."

Tangu Oktoba nilikuwa nimemwona Papa kama mfanyabiashara anayefunga mali mbili katika furushi moja. Mwalimu wa chuo naye alikuwa ametueleza kwamba enzi zile kazi ya kanisa ndiyo ilikuwa nyumba na mkate, na mpiga kinanda akifa, mjane na mabinti wanabaki bila chochote. Inawezekana kwamba Mzee Bux hakuwa anamuuza Anna Margareta. Alikuwa anamtafutia paa. Ila paa ni paa, na mtu anaweza kufa kwa huzuni chini yake.

"Na wewe, Mama," nilimwuliza, "babu alipokupa Papa, alikuuliza?"

Alicheka kwa pua. "Nani aliuliza nani wakati ule."

"Ulimtaka?"

"Lete ile foil," alisema.

Papa alipoamka nilimwambia kwa mara ya tatu. Safari hii sikupandisha sauti. Nilimwambia najua alivyotupanga mimi na Élysée, kila mmoja kwa uongo wake, na kwamba sina kinyongo lakini asilitangaze. Alitazama dirishani. Alisema atafikiri. Nilimshukuru, nikambusu kipara.

4 Desemba, Alhamisi

Nimekabidhi kazi yangu. Mzee Bux alikufa mwaka 1707. Aliyechukua kinanda ni msaidizi wake, na mwaka huohuo akamwoa Anna Margareta. Basi mzee alishinda. Niliandika kila kitu, kazi na muziki na wanafunzi. Mwisho niliongeza sentensi moja kwamba kuna mtu mmoja katika habari hii ambaye hakuulizwa, na kwamba habari haijakamilika. Mwalimu atakata alama akitaka.

10 Desemba, Jumatano

Nimerudi mapema kutoka kazini na nikamkuta Papa amesimama mbele ya kioo cha sebuleni, amevaa koti. Hakunisikia. Siku hizi hasikii mlango.

Alikuwa anasema, "Kama nilivyopewa mimi na baba mkwe wangu, na mimi ninampa kijana huyu kwaya yangu na binti yangu Sandrine."

Alirudia mara mbili, akirekebisha neno. Nilitoka tena, nikazunguka jengo mpaka mikono ikafa ganzi. Amefikiri, kumbe. Amefikiri na kuamua vilevile.

Nifanye nini? Nikikataa mbele ya kwaya zote za Texas, nitamvua nguo baba yangu mgonjwa hadharani. Nikinyamaza, nimeolewa. Élysée anasema safari hii hakika atazungumza. Sina imani na hakika yake. Na kesho nina zamu.

13 Desemba, Jumamosi

Naandika haraka, tumepumzishwa kwa binamu wa Pasta hapa Stafford.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kwaya za Houston, Fort Worth, mpaka Abilene, vitenge vya kila rangi. Sisi tulivaa sare ya bluu. Élysée alikuwa kwenye kinanda upande wa kushoto. Tulipokuwa tunapanda jukwaani nilimwuliza kwa macho na alitikisa kichwa kwamba hapana, hajamwambia. Nilimwona akitoka jasho.

Papa alichukua kipaza sauti kwa mkono wa kushoto.

"Mbele ya wimbo, nina neno," alisema.

Alieleza habari ya babu, Uvira, kambi. Watu walikuwa wanamsikiliza kwa upendo, na mimi pia nilikuwa nampenda, hilo ndilo lililoniumiza. Akasema amezeeka. Akasema, "Kwaya hii leo ninamupa Élysée." Vigelegele vikapigwa. Alingoja vitulie.

"Na kama nilivyopewa mimi," alisema, "kwaya haitoki nyumbani. Sandrine, mwanangu, njoo hapa mbele."

Nilimtazama Élysée. Alifungua mdomo. Nadhani kweli alitaka kusema. Hakuna kilichotoka.

Nilitoka mstarini hatua moja. Watu walianza tena vigelegele wakidhani ninakwenda kwa Papa. Nilifumba macho, nikawapa sauti ya nne noti yao.

Wababa waliguna kabla ya kufikiri. Wamepewa noti namna ile maisha yao yote, mtu akiwaamsha usingizini watajibu. Nikaipa sauti ya tatu. Nikajipa mimi na wenzangu wa pili. Nilipofika kwa kina mama wa sauti ya kwanza, Mama Ndeshi aliinua nyusi, kwa sababu nilikuwa nimeishusha sauti yote chini ya ile ya Papa. Aliichukua.

Halafu kimya.

Kwaya nzima wamesimama na noti zao. Ukumbi wote kimya, kwa kuwa hata wageni walijua kwamba kitu kimeanza. Papa alikuwa na kipaza sauti mdomoni. Alivuta pumzi. Nilikuwa naona neno lenyewe kwenye midomo yake, jina langu na la Élysée. Alinitazama kama mtu aliyemkuta mwizi sebuleni, na mwizi ameingia kwa ufunguo wa nyumba.

Sheria ni yake. Kwa sheria hiyo alimsimamisha pasta mlangoni. Wanakwaya wote walikuwa wanamngoja, na wababa wawili wa Uvira waliomjua tangu ujana walikuwa tayari wamefumba macho.

Alikitua kipaza sauti juu ya kinanda cha Élysée. Akautoa mkono wa kulia mfukoni, mbele ya watu wote, ukitetemeka, akauinua.

Tuliimba. Ubeti wa tatu ulipopanda, Mama Ndeshi alipanda nao, akakaa juu, hakukatika. Nilikuwa nalia na kuimba, jambo ambalo Papa alitukataza pia. Tulipomaliza watu walisimama, mshereheshaji akakimbilia kipaza sauti akaita kwaya ya Fort Worth, muda wetu ukawa umekwisha.

Papa alishuka jukwaani bila kunitazama. Hajasema nami neno mpaka sasa. Mama amempelekea chai na kikombe kimerudi kimejaa.

Nimemnyamazisha baba yangu. Sijui nimefanya nini.

14 Desemba, Jumapili

Tumefika Dallas. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi Élysée alikuja kabla hatujaondoka. Aliomba kuzungumza na Papa nje, kwenye veranda, na mimi niliona midomo tu kupitia kioo. Alizungumza muda mrefu, mikono nyuma. Kisha alinijia mimi, akasema, "Nimemwambia. Nimechelewa, najua." Aliniuliza kama Jumamosi, baada ya mazoezi, ningekunywa naye chai. Alisema ni chai tu, na Papa hana habari nayo. Nilimwambia nitamjibu Ijumaa. Nilitaka nami nimngojeshe kidogo.

Nilishika usukani mimi. Papa mbele, Mama nyuma na mto wake. Tulikuwa tunapita mji wa Conroe.

"Ulishusha sauti," Papa alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Nusu?"

"Moja nzima."

Alitazama miti. "Mama Ndeshi alifika."

"Alifika."

Baada ya muda akasema, "Nilikuwa na neno langu. Ungeniambia."

"Nilikuambia. Mara tatu."

Hakubisha. Tulipita Huntsville. Alisema kwamba Élysée amekataa kumchukua mtu asiyeulizwa, na kwamba kijana ana moyo wa kuku lakini asubuhi ya leo alisimama. Kwaya ni yake. "Kinanda apige yeye. Sauti utoe weye, mpaka nitakapopona."

Tunajua sote watatu kwamba hatapona. Nilisema, "Sawa, Papa."

Kisha aligeuka nyuma, polepole, kwa sababu shingo nayo siku hizi ni ngumu.

"Véro," alisema. "Baba yako alikuuliza?"

"Hapana."

"Na mi sikuuliza."

"Hapana."

"Ulinitaka?"

Nilitazama barabara tu. Kulikuwa na lori mbele yetu na sikuthubutu kulipita.

"Nilikutaka kabla Baba hajasema," Mama alisema. "Ulipokuwa unapita na viatu ile vya kuazima. Lakini alipokupa kwaya na mimi siku moja, sikujua tena weye ulikuja juu ya nani, kwa ajili ya nani. Mpaka leo sijui. Sasa sema weye. Ulikuja juu yangu, ao juu ya kwaya?"

Papa aligeukia mbele. Niliona mkono wake ukitetemeka juu ya goti, na safari hii hakuuficha.

"Juu ya kwaya," alisema.

Mama alicheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyefikishiwa barua aliyojua ina nini. "Nilijua."

"Kule kambini," Papa alisema, "kwaya ilivunjika. Miaka mbili hakuna kwaya, hakuna wimbo, batu wote wanatafuta unga. Mi nilienda wapi?"

Lori lilitoka njia ya Corsicana, barabara ikawa wazi.

"Hukwenda popote," Mama alisema.

Alivua kitenge chake cha mabegani, akakipitisha katikati ya viti, akamfunika Papa mkono.